Risiti ya Sare

Alhamisi

Kumbe posho ya sare nayo wanaihesabu kuwa kipato. Mimi niliona ni ya kazi tu. Nilishonesha magauni mawili meupe na kununua viatu vya wodini, maana vya zamani vilikuwa vinaingiza maji.

Leo katibu wa chama cha mikopo amenionyesha makubaliano tuliyoandikiana baada ya msiba: fedha yoyote nje ya mshahara ilipe mkopo niliochukua kumtibia mume wangu, Mathias.

"Labda ulete risiti, mama, tuone ni ya kazi kweli."

"Viatu ni vya mtumba, mwanangu. Nani anatoa risiti ya mtumba?"

Akacheka. "Na fundi naye?"

Nikampa kikaratasi cha fundi, hakina hata muhuri. Akaacha kucheka.

Kamati inakaa Jumatatu. Wakisema nimevunja makubaliano, watachukua dhamana, na dhamana ni kiwanja cha Bujora. Hapo ndipo tulipomzika Mathias. Yeye ndiye aliyekuwa akininyooshea sare, anaanza na kola, anapiga mluzi...

Naogopa. Tangu mchana sijala.

Jioni mama mkwe alipiga simu kutoka huko kiwanjani. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Mama Neema, mvua imeanza. Maharage niyafikishe mpaka kaburini, au niache nafasi ya kulijengea?"

Nikamwambia aache nafasi. Akashukuru. Habari ya kikao cha Jumatatu sikumwambia.