Sahani Yangu Irudishe Tupu

Kwako dada yangu Zuhura, uliye Maskati,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, na kama si mzima basi useme mara moja, maana wewe ukiulizwa hali husema njema hata ukiwa umelazwa na homa. Sisi huku Kibokoni hatujambo. Juzi nilikupigia simu nikakuuliza umekula nini. Ukanijibu, "Nshakula, mamangu." Nikakuuliza tena, umekula nini? Ukaanza kunidadisi habari za paka wangu. Dada, paka wangu ni mzima na anakula. Ninayetaka habari zake ni wewe.

Nimeona nikuandikie, kwa sababu barua huwezi kuikata katikati ukasema laini ni mbovu.

Unakumbuka sinia ya mama? Baba alikuwa amekwisha kufariki, na samaki mmoja alikuwa wetu sote wanne. Mama akimweka katikati ya wali, wewe ulikuwa ukimsukuma kidogo kidogo kwa ncha ya kidole mpaka aje upande wangu, kisha unanawa mikono kabla ya wenzako na kusema umeshiba. Mimi nilikuwa mdogo, nikaamini kweli una tumbo dogo. Nilipopata akili ndipo nilipojua kwamba hukuwa umeshiba hata siku moja. Kwa hiyo uongo wako huo naujua tangu utotoni, na bado ulinipita. Hilo ndilo linaloniuma.

Daktari alipokuandikia vile vidonge vya kupunguza uzito, mimi ndiye niliyefurahi kukushinda. Magoti yalikuwa yamekutesa, presha ilikuwa juu, na ngazi za nyumba yetu ulikuwa ukizipanda huku umeshika ukuta. Tena shemeji alikuwa anakutafutia karatasi za kumfuata Maskati, baada ya miaka yote ile, na wewe ulitaka akuone ukiwa mwepesi kama alivyokuacha. Nilikutania kwamba atakataa kukupokea, atasema huyu si yule niliyemuoa. Ukanipiga na upande wa kanga. Tulicheka siku hiyo.

Yule nesi Mtaita wa pale kliniki hakucheka. Alituketisha sote wawili kwenye benchi, akanitazama mimi zaidi kuliko wewe. "Dawa inaondoa njaa, mama," akasema, "haiondoi haja ya chakula. Sasa hatakula kwa kusikia njaa. Atakula kwa saa." Akatuonyesha kiganja chake: samaki au kuku kiasi hicho, kila mlo, tena aliwe kwanza kabla ya wali. Kunde au choroko. Mayai, maziwa, mboga za majani, maji mengi. Asipokula, akasema, mwili utajila wenyewe, utamaliza nguvu za misuli kabla ya mafuta. Wewe ulikuwa unaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwenye adabu.

Basi nikapika. Wajua mimi nikishika jambo. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilitoka Kibokoni kwa miguu mpaka kwako Tononoka, sahani mkononi, imefunikwa kawa: changu wa kupaka, choroko za nazi, mchicha, siku nyingine mayai. Nilikuwa naiweka ya leo na kuichukua ya jana. Nikikwambia kula nikuone, unasema, "Hebu niwate, n'takula kikipoa. Wanichunga kama mwana mchanga!" Nami nilikuwa na watoto wangu nyumbani, jua linashuka, nikawa nakuacha.

Na ile ya jana hukuirudisha tupu hata mara moja. Tulivyolelewa, sahani ya mtu hairudi kwake bila kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Wewe ulinitilia kaimati zako, zile zinazong'aa shira, na mara mkate wa sinia. Mimi nazila njiani, nafurahi. Nikajiambia, mtu mwenye nguvu za kusimama jikoni akachoma kaimati, huyo anakula. Dada, nilihesabu kaimati zako kuwa ndiyo afya yako. Nguo zilikuwa zinakupwaya, nikasema dawa inafanya kazi. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana, nikasema ni maji ya chumvi. Ukaanguka Marikiti katikati ya mafungu ya mchicha, hamali akakubeba kwenye mkokoteni wake kama gunia la viazi, nikasema ni jua.

Halafu ikaja siku ile niliyokukuta umelala alasiri, na aliyenifungulia mlango ni jirani yako Mama Mwende, yule ambaye mumewe yuko reli. Sahani yangu ilikuwa mkononi mwake, imejaa muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ya moto. Nikamuuliza sahani yangu imefikaje kwake.

"Si ni hii ya chakula chenu?" akasema. "Dada yako ananiletea kila siku. Anasema wewe unapika kingi, yeye ameshiba, watoto wangu wale. Na mimi nimejifunza desturi yenu, nikaona ni aibu niirudishe bila kitu. Shukrani sana, mama. Watoto wamenenepa."

Nikaishika ile sahani, nikasema karibu. Yule mama hakuwa na kosa. Alikuwa amefanya jambo la heshima kabisa, na heshima yake ndiyo iliyonifumbua macho.

Ulipoamka sikupiga kelele, na wewe wajua hiyo si kawaida yangu. Nilikuuliza kwa nini. Ukatazama dirishani. "Chakula chanichefua," ukasema. "Na kukimwaga chakula cha mkono wako siwezi." Nikakaa nawe siku kumi na zaidi, nikikulisha supu ya samaki kwa kijiko na uji wa wimbi wenye maziwa. Ulikuwa unameza huku machozi yakikutoka, vijiko vitatu, vinne, kisha unaufunga mdomo. Nesi alitaka urudi kwa daktari akutazame upya kipimo cha dawa. Ukasema kesho. Kesho hiyo ikaja tiketi ya shemeji.

Pale uwanja wa ndege nilikukumbatia nikahisi mabega yako mkononi, mifupa mitupu. Ulipofika huko, shemeji akaniambia kwenye simu kwamba umependeza. Nilitamani kumwambia, nikaogopa kukuaibisha.

Sasa mimi nifanye nini? Sina mbawa. Maskati si Tononoka, siwezi kutembea na kawa. Kila siku baada ya alasiri miguu yangu inataka kutoka, nakaa kizingitini na sijui niiweke wapi mikono yangu. Sina ugomvi na vidonge vyako. Magoti yalipona, presha ilishuka, nayaona hayo. Nenda kwa daktari wa huko, mweleze kwamba huli. Mwambie yeye, kama mimi unanionea haya.

Barua hii anakuletea Khadija, jirani yangu, anayekuja huko kwa mwanawe. Amebeba ile sahani yangu ya maua, ndani yake papa mkavu, choroko na korosho. Papa mloweke, mpike na nazi, kipande cha kiganja, umle kwanza. Mayai na maziwa mwambie shemeji anunue huko.

Khadija atarudi baada ya mwezi. Mpe sahani yangu, na safari hii nakuomba uivunje desturi. Usitie tende, usitie halua, usitie hata ndimu. Nataka niifunue niione tupu.

Najua, dada, hata hiyo tupu haitanionyesha ni nani aliyekula. Huko nako kuna majirani. Lakini iwe tupu. Mimi nitaamini ni wewe.

Mdogo wako, uliyekuwa ukimsukumia samaki