Vijiti Vinne Nyumbani kwa Préfet

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Asubuhi nzima tena mbele ya kompyuta. Nafundisha informatique, kwa hiyo kutuma faili za finalistes, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nimeachiwa mimi. Vijiti vinne vya wifi, vimejaa. Hakuna faili inayotoka. Mwisho ni Ijumaa, na jina lisilofika halifanyi examen d'État, mtihani wa taifa. Wengi ni watoto waliokimbia vita kutoka Bule. Karatasi zao ziliungua, tukazitafuta upya moja moja. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, tarehe 4
Sasa najua. Borne zote tano za wifi, vile visanduku vinavyoirusha, zimewekwa puissance ya juu kabisa. Zinafunikana, kama kwaya mbili zikiimba katika kanisa moja. Kompyuta inazisikia, lakini sauti yake ndogo haizifikii. Dawa ni kupunguza hiyo nguvu. Nimemweleza Préfet, mkuu wetu wa shule. Amecheka. Yeye ndiye aliyeamuru iwe hivyo, wifi ifike nyumbani kwake ng'ambo ya kiwanja cha mpira.

Jumatano, tarehe 5
Nilipunguza bila kuuliza. Faili tatu zikatoka kwa robo saa. Saa nne Préfet akaingia na simu mkononi: nyumbani kwake kimebaki kijiti kimoja tu. Mbele ya walimu wote:
"Weye ulitoka Butembo kuja kutuharibia. Rudisha vile ilikuwa."
Butembo! Nilitoka huko, ndiyo, lakini miaka yote hii niko Bunia. Risasi za hapa nilizikimbia pamoja nao. Sasa tunaambiwa kuna amani, na neno moja la kubagua kama hilo linanyamazisha chumba kizima. Hakuna aliyenitetea. Nimerudisha. Mpumbavu yule.

Alhamisi, tarehe 6
Hakuna kilichotoka tangu jana. Neema, mmoja wa watoto wa Bule, amekuja kuuliza mara nne. Mara ya nne nilishindwa kumtazama.
Préfet amesafiri, yuko Aru hadi kesho jioni. Saa nane nimeshusha borne zote. Ile inayoelekea nyumba yake nimeishusha kuliko ilivyohitajika. Hiyo haikuwa kazi, ilikuwa hasira. Nilisikia utamu wake. Sikumwambia mtu.
Saa kumi na moja faili zote zilikuwa zimeondoka.

Ijumaa, tarehe 7
Si zote.
Binti yake Préfet, Anuarite, ni finaliste pia. Sikufikiri hata kidogo. Baba alimwachia kompyuta na amri: atume akiwa nyumbani, mtoto wa Préfet hapangi mstari na wengine. Amejaribu tangu jana alasiri mpaka muda ukaisha. Préfet amerudi, analaumu kampuni ya mtandao. Hajui. Namchukia kwa kiburi chake. Lakini kidole kilichoshusha ni changu, na mtoto hakunikosea kitu.

Jumamosi, tarehe 8
Nimekwenda na Anuarite ofisi ya inspection, ya wakaguzi wa shule, faili yake ndani ya bahasha. Watu wengi, benchi moja. Nilimwambia hapo hapo. Kwamba nilipunguza mimi, na upande wa kwao nilizidisha makusudi. Alinyoosha pembe ya bahasha iliyokunjika.
"Madame, mungeniambia tu, ningevuka kiwanja."
Saa sita inspekta alipokea bahasha. Hakuahidi kitu. Tumerudi kwa miguu, yeye mbele kidogo.