Alama ya Baba kwenye Samli

Mugeta, Bunda

Kaka Machibya,

Huku mvua imenyesha vizuri. Mama anakusalimia, kwa kuwa sijamwambia kitu.

Nilikuomba unisajilie huko Dar alama ya samli yangu, zile pembe mbili ndani ya duara ambazo baba alikuwaga anawachoma nazo ng'ombe wetu mapajani. Umeisajili kwa jina lako. Jana wakili wako alinipigia simu, anasema niibandue kwenye makopo yote, sasa ni mali yako.

Nimebandua, kaka. Mpaka sasa vidole vinanata gundi.

Ila ng'ombe wa baba bado wako zizini na alama hiyo mwilini. Muulize wakili wako, na wao niwachune?

Mdogo wako uliyemwachia zizi,
Prudence