Jumamosi Baba Alipokuja Uwanjani

Lancashire, Uingereza, 3 Oktoba 1892

Dada Grizel mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, natumaini wewe na Baba hamjambo. Jumamosi nilifunga mabao matatu! Watu walinibeba mabegani hadi barabarani wakiliimba jina langu, ingawa Waingereza hawa wanalitamka vibaya. Mwambie Baba. Najua alisema anayelipwa kwa kucheza mpira hana tofauti na anayelipwa kwa kulala, na kwamba mwanamume wa kwetu hufia kwenye mgodi wa makaa. Mwambie tu.

Mdogo wako,
Wattie

Auchenbrae, 20 Novemba 1892

Mdogo wangu Wattie,

Sisi wazima, Mungu ashukuriwe. Wewe je, unakula? Nilimsomea Baba barua yako akiwa ananawa masizi ya mgodini. Hakugeuka. "Umemaliza?" akauliza. "Ndiyo." "Basi lete taulo."

Lakini sikia kituko. Siku hizi kila Jumatatu yuko kwa kinyozi, yeye ambaye tangu Mama afe ndevu zake nanyoa mimi! Mke wa kinyozi kanicheka: "Baba yako anasomewa gazeti la mpira, halafu anaguna kwamba makipa wa Uingereza ni vipofu." Mabao yako yote anayajua kwa moyo. Ila jina lako halitaji.

Dada yako,
Grizel

Lancashire, 11 Februari 1894

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Hamjambo? Mimi sijambo, kikohozi kidogo tu, mvua za huku hazina adabu. Msimu uliopita hakuna aliyenifikia kwa mabao katika ligi nzima. Huu ni mgumu kidogo. Jumamosi nitacheza kama kawaida. Usimtie Baba wasiwasi.

Mdogo wako,
Wattie

Auchenbrae, 22 Februari 1894

Wattie,

Salamu kwa haraka. Baba ameondoka na treni ya asubuhi, kavaa suti ya kanisani. Nikamuuliza, "Kulikoni, na leo si Jumapili?" Akasema, "Naenda kuona kama wanamlisha." Atakuwa uwanjani Jumamosi. Mfungie hata bao moja, mdogo wangu.

Dada yako,
Grizel

Lancashire, 25 Februari 1894

Dada Grizel,

Salamu. Leo siwezi kukuandikia kwamba mimi mzima. Tangu Krismasi sijacheza. Nilitema damu uwanjani, klabu ikaleta mshambuliaji mwingine. Barua yako ilinikuta kitandani; nilijaribu kuvaa viatu, miguu ikakataa.

Jana Baba alisimama mvuani mchezo mzima akinitafuta kwa macho. Ulipokwisha akaniulizia kwa bawabu wa uwanja, kwa jina letu la ukoo. "Kinloch? Amekwisha yule, mzee," akaambiwa. Akafika chumbani kwangu amelowa chapachapa.

"Huyo waliyemleta," akasema akiwa bado mlangoni, "mguu wa kushoto hana kabisa."

Nikacheka hadi kikohozi kikanibana. Akanishika kichwa mpaka kikapita.

"Haya, nisimulie," akasema.

"Lipi, Baba?"

"Yote. Nimechoka kusimuliwa na kinyozi."

Nikamsimulia mpaka sauti ikakauka. Alisikiliza kofia mkononi, kama yuko ibadani.

Leo amezungumza na daktari nje. Amerudi macho mekundu, anasema ni moshi. Kesho tunarudi nyumbani. Ameniuliza kama nitaweza kutembea hadi stesheni, nikamwambia naweza. "Najua unaweza," akasema. Sasa hivi namsikia huko chini akikodi mkokoteni, anamsihi mwenye nao atandike majani makavu mengi.

Mdogo wako,
Wattie