Chupa Bado Zinachemka

Tarehe 4 Machi

Mjukuu wangu,

Umekufa? Kama umekufa ungeniambia mapema, nikaacha kufagia chumba chako kila Jumamosi kama mpumbavu. Tangu uondoke hapa na tumbo lako mbele, umeniletea picha moja tu ya mtoto, kafumba macho, na salamu za kupitia kwa mumeo. Salamu za kupitia kwa mtu ni kama uji wa jana, huushibi na kuumwaga huwezi.

Mimi mzima. Magoti ndiyo yameamua kuzeeka kabla yangu. Wewe je, mzima? Na mume wangu mdogo, hajambo? Analala? Nimesikia maziwa yako yalikatika mapema na sasa anakunywa ya kopo. Hilo lisikuumize, kifua si bomba. Lakini chupa ina mambo yake, na nimeona nikuambie kabla hujasikiliza wajinga.

Anayeniandikia ni Fundi, mshona nguo wa mlango wa pili, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipige pasi.

Sikiliza. Mtoto akimaliza tu kunywa, osha. Maziwa yakikauka ndani yanashika kama gundi. Maji ya moto, sabuni, brashi ifike chini kabisa. Chuchu ya chupa igeuze ndani nje, uchafu hujificha kwenye kile kitundu. Kisha sufuria, maji yafunike kila kitu, yachemke sawasawa. Ukitoa, weka juu ya kitambaa safi, ikauke yenyewe. Usifute na gauni.

Nasema usifute na gauni kwa sababu ya mke wa mwenye duka hapa. Yule anatia maji baridi kwenye chupa, anatikisa, anamwaga, anasema safi. Chuchu ikianguka chini anaipangusa kwenye paja. Ukinusa chupa yake utadhani panya alifia humo. Mtoto anaharisha, mama anasema ni meno. Nikamuuliza, meno gani hayo yanayoota kwenye makalio? Amekasirika, hanikopeshi sabuni tena.

Usiwe kama yule. Na uje, nimuone mtoto kabla macho yangu hayajafunga duka.

Bibi yako


Tarehe 29 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Msalimie Fundi, mwambie nashukuru kwa mwandiko wake. Sisi tu wazima.

Nisamehe kwa ukimya, sina nafasi. Kuhusu chupa usiwe na wasiwasi kabisa. Nachemsha kabla ya kila mlo. Kama nimeshaitoa chupa na mtu akaingia jikoni, naanza upya, maana huwezi kujua alikuwa wapi. Koleo la kutolea chupa nalichemsha kwenye sufuria yake peke yake, na sufuria hiyo nayo naimwagia maji ya moto kwanza. Mtoto akiachia chuchu ili apumue, namwaga maziwa, kwa sababu yameshapata hewa. Natengeneza mengine. Hapo inabidi nichemshe tena.

Ungeona wenzangu wa hapa. Mlango unaotazamana na wangu anakaa mwanamke tunayemwita Mama Kelele, mwanawe ni rika la wetu. Mtoto anakunywa nusu, chupa inawekwa dirishani, mchana anarudishiwa ileile. Kuna siku nzi alikuwa ametua juu yake. Namhurumia sana yule mtoto. Halafu mwanamke huyohuyo juzi ananigongea mlango, ananiambia, "Jirani, mwanao analia muda sasa." Nikamwambia najua, chupa bado zinachemka. Akacheka, akasema, "Basi mchemshe na yeye." Watu wengine hawana haya.

Kuja siwezi kwa sasa, Bibi. Nimewaza ndani ya basi nitachemshia wapi. Kliniki nayo nesi alisema uzito haupandi, lakini mizani yao wanapimia kila mtoto bila kuifuta, safari ijayo sitampeleka. Mimi mikono imechanika kidogo kwa sabuni, nikikunja vidole inatoa damu, basi navaa glavu. Baba yake anasema nimekonda. Yeye hajui kazi iliyopo.

Nilitaka nikuulize kitu. Maji yakichemka sana, yanaweza kuharibika yenyewe?

Mjukuu wako


Tarehe 8 Aprili

Mjukuu wangu,

Sisi wazima, hayo ya salamu tuyamalize hapo.

Nimemwambia Fundi asome barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ameruka mahali. Umenieleza sufuria, umenieleza koleo, umenieleza mpaka nzi wa jirani. Mtoto nimemsikia akilia tu, na kukataa kunenepa. Anacheka? Akikuona anarusha miguu? Shingo imekaza? Hayo hukuandika.

Nilikuambia uchemshe, sikukuambia umfungishe mtoto saumu. Maziwa yapate hewa, kwani mtoto mwenyewe anapumua nini?

Chemsha mara moja asubuhi, chupa zote. Zifunike. Mtoto akilia, chukua moja, mpe, mtazame usoni anapokunywa. Akiachia, mngoje, mrudishie. Huyo Mama Kelele wako na chupa yake ya dirishani simsifu, siku moja itamletea kilio. Lakini masikio yake mazima. Amesikia mtoto ana njaa, akaja kukuambia.

Mama, huo si usafi tena. Ni hofu, na hofu haitoki kwa brashi. Nimezaa, najua kuna wakati mtu anazaa mtoto na akili inabaki kitandani. Haina aibu. Mwambie mumeo usiku hulali, maana najua hulali. Mwambie yuleyule nesi wa mizani. Mwonyeshe hiyo mikono, vua glavu.

Ningekuja mwenyewe. Jana nilikwenda hadi stendi. Magoti yakakataa ngazi ya basi. Fundi ananisukuma kwa nyuma, utingo ananivuta kwa mbele, abiria wanacheka, mimi katikati kama gunia la mkaa. Nimerudi nyumbani.

Jibu upesi.

Bibi yako


Tarehe 2 Mei

Mjukuu wangu,

Hujajibu. Fundi anasema posta huchelewa. Nimemwambia posta haina mtoto mwenye njaa.

Simu ya mumeo haipokelewi. Niandikie hata neno moja. Hata matusi.

Bibi yako


Tarehe 11 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini uko salama, wewe na mgeni wako. Naomba Fundi akifika hapa apunguze sauti.

Najua baba yake alipokuletea mtoto hakukueleza yote. Nilimwomba asikueleze. Sasa nakueleza mwenyewe.

Siku ile nilichemsha, nikatoa, nikaona kama kuna doa kwenye kifuniko. Nikarudisha. Mtoto alikuwa analia chumbani. Nilikuwa namsikia, Bibi, usidhani sikumsikia. Kila alipolia nilizidi kuharakisha, na kila nilipoharakisha kitu kiliniponyoka kikagusa meza, nikaanza tena. Halafu akanyamaza. Nikashukuru, nikasema sasa nitafanya kazi vizuri.

Nilipotoka jikoni nilimkuta Mama Kelele amekaa kwenye kiti chetu. Mtoto amelala begani kwake. Chupa ya mwanawe iko mkononi, tupu. Akaniambia, "Imekwisha yote, maskini, hata hakupumzika."

Nilimnyang'anya mtoto. Nikamtia kidole kooni atapike. Akatapika, na nilipoyaona yale maziwa sakafuni nilifurahi. Nikamtia tena, na hakukuwa na cha kutoka tena, ni kukakamaa tu. Mama Kelele akanishika mikono yote miwili. Alinishika hivyo mpaka baba mtoto akafika.

Hospitali walimtundikia maji mtoto. Mimi walinipeleka jengo la nyuma, la wagonjwa wa akili. Niko huku tangu siku hiyo. Daktari anasema ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake wakishajifungua, na dawa ipo. Nakunywa. Nalala. Vidonda vya mikono vinafunga. Chai naletewa kwenye kikombe kilichooshwa na mtu nisiyemjua, na siku nyingi nakinywea.

Nasikia anaongezeka uzito huko kwako. Usiniandikie unaoshaje chupa. Ukiniambia, nitaanza kuzihesabu hatua zako.

Wananiruhusu wiki ijayo. Nitarudi kwenye chumba chetu, huko kwako sitakuja. Mlee wewe, Bibi. Bado mdogo, atanisahau bila maumivu. Mikono iliyofanya vile isimguse tena.

Mjukuu wako


Tarehe 19 Juni

Mjukuu wangu,

Barua imefika, na wewe umefika nayo. Nilikuwa nimeanza kukuombea kama marehemu.

Fundi alisoma kwa sauti ya chini ulivyotaka. Alipofika pale pa kidole akakunja karatasi, akasema macho yamechoka. Nikamwambia soma, mimi nimezaa na nimezika, hakuna kitakachonivunja humo. Akasoma. Kisha akaenda kwake, na cherehani sikuisikia siku nzima.

Ulimuumiza. Sisemi hukumuumiza, hapa wapo wengi wa kukusemea hivyo na hawatakusaidia kitu. Ulimuumiza ukiwa mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa, hafukuzwi kwa mwanawe. Yote mawili ni kweli, yabebe yote mawili.

Sasa habari zake, maana wewe umetaja uzito tu. Shingo imekaza. Mashavu yamerudi. Anageuka mwenyewe, jana aligeuka akashindwa kurudi, akanitazama kwa hasira kama mimi ndiye niliyemgeuza. Anashika pua yangu.

Lakini kuna jambo, na sitakuficha. Akiwa na njaa halii. Watoto wote hulia, huyu hunyamaza. Anatulia kabisa, anageuza kichwa upande kunakotoka sauti ya vyombo, anangoja. Wiki ya kwanza sikujua, nikadhani ameshiba, nikampitishia wakati wa kula. Mke wa mwenye duka alikuja akasema, "Bahati yako, bibi, mtoto mtulivu." Nikamwambia atoke nyumbani kwangu.

Sikuambii ili ulie. Nakuambia kwa sababu unasema atakusahau. Hajakusahau. Nikimpa chupa anakunywa, huku macho yanapita juu ya bega langu yakitafuta mtu. Mimi simo katika hayo macho. Naweza kumnenepesha, Fundi anaweza kumshonea, mumeo anaweza kuja kila Jumapili na maziwa ya kopo. Kumfundisha kwamba akilia anakuja mtu, kazi hiyo ni yako, wewe aliyekuwa anakulilia.

Na mimi si wa kungojwa sana. Safari ya chooni sasa naifanya kwa kushika ukuta. Sitakuwepo kumlea mpaka aote ndevu, hilo unalijua.

Kwa hiyo chumba chenu kifunge, ufunguo mwachie Mama Kelele, na umshukuru hata kama chupa zake zinanuka. Mumeo akulete asubuhi. Dawa zako zije nawe. Ukifika usinisalimie, salamu tutasalimiana baadaye, na jikoni usipite. Chupa utaikuta mezani imejaa, nimeiosha mimi, kwa namna ninayojua mimi, nawe hutaniuliza. Kaa kwenye kiti changu, nikuwekee mwanao mapajani. Mikono ikitetemeka, iache itetemeke.

Mpe kabla hajanyamaza.

Bibi yako