Jina la Mama Kwenye Ruta

Baba Mackline,

Maharage iko kwenye sigiri, usiiache iungue. ~~Ruta ya waifai uiwashe saa sita.~~ Hapana, usiiguse kabisa mpaka nirudi.

Nimekimbilia Muhokya kuzuia lori la kahawa yetu. Asubuhi mwenye lori alinipigia kuuliza kama kweli nimemwandikia imeili apeleke mzigo kwa mutu mwingine. Sikuandika kitu! Nikamwita fundi Muhindo, akafungua ruta. Mutu alibadilisha mipangilio yake itupeleke anakotaka yeye, na ukurasa wa imeili niliofungua jana ulikuwa wa uongo. Paswadi yangu ya imeili nikamwandikia huyo mwizi mimi mwenyewe humo, naye akaandika kwa jina langu.

Wewe ulisema ruta ni ukuta. Muhindo anasema inazuia wa nje, na huyu tulimkaribisha ndani. Kwenye matanga ya mama yako ulibandika paswadi ya waifai barazani, watu watume picha Butembo. Na hiyohiyo ndiyo uliyoweka kufungulia mipangilio!

Nimeibadilisha. Mpya nitakunong'oneza, maana wageni wako wanasoma mpaka vikaratasi.

Najua uliweka jina la mama yako kuwa paswadi ili tumkumbuke. Nimelia nikilifuta. Lakini jina ambalo Bwera yetu nzima imeliita ikilia haliwezi kuwa siri.

Mama Mackline