Sahani ya Mgeni

Dada yangu Mwanaidi,

Huku Madungu karafuu zimeanikwa hadi barazani, na Mama kanenepa! Yeye na Bi Time, yule mjane aliyejuana naye wodini kila mmoja akimuuguza mumewe, sasa wanakaa nyumba moja hapa, utadhani wamezaliwa tumbo moja. Wajukuu wa Bi Time wanamwita Mama bibi yao. Wivu umenijaa, sikufichi.

Jana mchana walikaa wote mkekani, wali na pweza wa nazi, sinia moja. Mimi nikawekewa sahani na kijiko mezani, peke yangu. Nikasema nimekuja kumchukua Mama arudi kwetu. Akacheka: "Kula kwanza, mgeni wetu."

Mgeni! Nikaumimina wali wangu kwenye sinia, nikajibana kati yake na Bi Time.

Nimekukumbuka mno. Ukija, usikubali sahani.

Mdogo wako,
Zuhura